Joistiki na vitufe vya akedi kwa gemu za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na wageni waliokuja kucheza kwangu, na seremala aliyenitobolea mbao, na vijana wanaotaka kutengeneza boksi lao la kwanza la joistiki na vitufe. Nayajibu nikimfikiria mtu anayecheza nyumbani, kwenye kompyuta au konsoli, hasa gemu za kupigana na zile za zamani za mashine za sarafu. Kabla hujanunua joistiki mpya, fungua uliyo nayo. Ladha yake iko kwenye vipuri vitatu vinne vya bei ndogo, na vyote vinabadilishwa kwa bisibisi.

Kwani pedi ya kawaida ya konsoli ina ubaya gani?

Haina ubaya. Wapo mabingwa wanaoshinda kwa pedi. Lakini gemu hizi zilitungwa kwa ajili ya kifaa kingine. Street Fighter II ya Capcom, iliyotoka 1991, ina vitufe 6: ngumi 3 safu ya juu na mateke 3 safu ya chini, kuanzia jepesi hadi zito. Kwenye pedi, vitufe viwili kati ya hivyo vinahamia mabegani na ule mpangilio unavunjika. Pac-Man ya 1980 yenyewe haichezwi kwa kitufe chochote, ni joistiki tu.

Halafu kuna suala la mkono. Kwenye pedi, dole gumba moja linabeba kazi yote ya kwenda huku na kule. Kwenye boksi la akedi kazi hiyo inafanywa na kiganja, kifundo na mkono mzima, na kila kitufe kina kidole chake. Aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation atahitaji wiki kadhaa kuzoea, na siku za mwanzo atafungwa na watu aliokuwa akiwafunga. Mwambie avumilie.

Nichague joistiki ya wapi: Japani, Marekani au Korea?

Kwa kweli kuna mila tatu, na kila moja ina mashabiki wake.

Ya Kijapani ina tufe juu, ni nyepesi, na inashikwa kwa vidole kuliko kwa ngumi. Inayojulikana kuliko zote ni Sanwa JLF. Imefungwa kwenye maboksi mengi ya bei ya juu, na kwa sababu hiyo vipuri vyake vinapatikana kuliko vya joistiki nyingine yoyote. Mshindani wake wa siku nyingi ni Seimitsu. LS-32 yao inatembea umbali mfupi zaidi na imekaza kidogo, na wapenzi wa gemu za ndege na risasi wanaiamini sana.

Ya Kimarekani, ambayo watu wengi huiita Happ kwa jina la kampuni iliyoieneza, ina kirungu kirefu badala ya tufe. Ni nzito, na unaishika kwa ngumi kama unavyoshika mwiko wa kusongea ugali. Mortal Kombat ya 1992, kazi ya Midway ya Chicago, ilichezwa kwenye mashine za mila hii. Kama kumbukumbu unayoitafuta ni hiyo, Sanwa itakuonekea kama mdoli.

Ya Kikorea, kwa mfano Crown, haitumii springi kurudi katikati. Inatumia pete ya mpira iliyouzunguka mhimili, yaani fimbo ya joistiki, na njia yake ni ya mviringo, haina kona. Ukiiachia inarudi katikati kwa nguvu na kutulia papo hapo. Wachezaji wa Tekken wanaipenda kwa sababu gemu ile inataka uguse nyuma, urudi katikati, uguse tena, haraka haraka, ili kurudi nyuma huku ukijilinda.

Mimi humwambia anayeanza achukue ya Kijapani. Sisemi kwamba imezishinda nyingine, ila ndiyo rahisi kuigeuza. Ukigundua baada ya miezi 6 kwamba unataka kitu kizito, utabadilisha springi. Aliyeanza na Happ akitaka wepesi atalazimika kununua joistiki nyingine.

Ndani ya joistiki kuna nini?

Igeuze JLF kichwa chini uitazame. Utaona mhimili wa chuma unapita katikati ya tufe dogo la plastiki nyeupe, ambalo ndiyo bawaba inayouwezesha kuyumba. Chini yake kuna springi, na chini ya springi kuna kipande cha plastiki chenye umbo la kikombe, ambacho nitakiita kisukumio. Ncha ya mhimili imezuiwa na kibanio kidogo cha chuma chenye umbo la herufi E. Kisukumio kimezungukwa na swichi 4 ndogo, zile za kulia "tik".

Swichi ni 4 lakini mielekeo ni 8. Mshazari unapatikana pale swichi mbili zinapobanwa kwa pamoja: chini na mbele kwa wakati mmoja, kwa mfano. Ukielewa hilo, malalamiko mengi ya "joistiki yangu haitoi ngumi ya moto" yanaeleweka. Ile ngumi ya Ryu, mpiganaji wa Street Fighter, ni chini, mshazari, mbele. Ukiuruka mshazari, gemu haijaona kitu.

Jambo jingine linalowachanganya wengi wakati wa kuunga waya: mhimili unayumba kama pembea ya ubao. Ukisukuma tufe kushoto, mkia wake huku chini unakwenda kulia. Kwa hiyo swichi ya "kushoto" iko upande wa kulia. Watu wamerudisha joistiki nzima dukani wakisema ni mbovu, kumbe walikuwa wameunga kinyume.

Geti ni nini, na nibadilishe la mraba niweke la pembe nane?

Geti ni kile kipande cha plastiki cha chini kabisa kinachozuia mhimili usiende mbali kupita kiasi. JLF inakuja na geti la mraba. Kuna la mviringo na la pembe nane pia, na yote yanapachikwa kwa ndimi 4 unazozibonyeza kwa kidole au kwa bisibisi bapa.

Karibu kila anayeanza anaogopa kona za mraba. Anahisi mhimili unanasa. Anaagiza geti la pembe nane siku ya tatu.

Ushauri wangu: subiri. Kona za mraba ndiyo mishazari yenyewe, ukifika kona umepata swichi mbili bila shaka yoyote. Anayecheza Guile, mpiganaji mwingine wa Street Fighter, ambaye lazima umkalishe chini-nyuma muda wote ukijikusanyia nguvu, atabarikiwa na kona ile. Tatizo kwa kawaida ni mkono unaosukuma hadi ukutani kila mara. Swichi inabanwa mapema, kabla mhimili haujagusa geti. Jifunze kusikiliza "tik" na uishie hapo. Ukicheza wiki mbili tatu na bado mkono unakataa, basi weka la pembe nane, hakuna aibu. Fahamu tu kwamba kwenye pembe nane mshazari unatembea umbali mfupi kuliko kwenye mraba, na mkono utabidi ujifunze upya.

Kwa Pac-Man na Donkey Kong mambo ni tofauti. Gemu hizo zinataka njia 4 tu, na mshazari unakuharibia kona. Geti la kawaida la JLF lina sehemu ya ndani inayogeuzwa nyuzi 45, nayo joistiki ya njia 8 inakuwa ya njia 4. Wengi wanaimiliki miaka bila kujua.

Joistiki yangu ni legelege. Ninunue nyingine?

Hapana. Nunua springi. Zinauzwa springi nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya JLF, za paundi 2 na hata 4. Springi ya paundi 2 inaleta tofauti utakayoihisi dakika ya kwanza: unaachia, inarudi katikati bila kutikisika. Ya paundi 4 niliiweka nikaitoa baada ya jioni mbili, kifundo kilikuwa kinauma. Watu wenye mikono mizito wanaipenda.

Kipuri cha pili ni kisukumio kilichonenepeshwa kama milimita 1. Kikiwa kinene, kinafika kwenye swichi mapema, na ule mwendo mtupu kabla ya "tik" unapungua. Lakini badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiweka springi, kisukumio na geti siku moja, ukiona mambo yameharibika hutajua umlaumu nani.

Nifungueje bila kuharibu?

Ingiza bisibisi bapa kwenye mfuo ulio chini ya mhimili uushikilie usizunguke. Kwa mkono mwingine zungusha tufe la juu kinyume cha saa hadi litoke. Uzi wake ni M6, kwa hiyo matufe na virungu vya kampuni nyingine vyenye uzi huo vinaingia.

Geuza kichwa chini. Toa geti, toa ile bodi ndogo yenye swichi. Sasa bonyeza kisukumio kuelekea springi kwa kidole gumba, ili kile kibanio cha E kibaki wazi, kisha kisukume taratibu kitoke kwenye mfereji wake. Fanya kazi hii ndani ya beseni au juu ya kanga iliyotandazwa. Kibanio kile ni kidogo kuliko ukucha, na springi ikikirusha hukioni tena. Mimi nilitumia usiku mzima kukitafuta chini ya makochi, nikakipata asubuhi ndani ya kiatu.

Toa kisukumio, toa springi, weka mpya, rudisha kwa mpangilio ule ule. Ukipiga picha kila hatua kwa simu, hutakwama.

Vitufe vya 30 na vya 28 vina tofauti gani? Seremala anasema ni milimita mbili tu.

Milimita mbili hizo ndizo zitakazokufanya ununue mbao mpya. Vitufe vya Kijapani vya kuchezea vinataka tundu la milimita 30, na vile vidogo vya kuanzisha gemu vinataka 24. Vya Kimarekani vinataka tundu la inchi 1 na 1/8, yaani karibu milimita 28.6. Chagua vitufe kwanza, vishike mkononi, vipime, ndipo uende kwa seremala.

Kwa hisia: Sanwa OBSF-30 ni chepesi mno, ukikiegemeza kidole kimeshabonyea. Watu wa kasi wanakipenda, wenye vidole vizito wanajikuta wamerusha teke wasilolitaka. Seimitsu ni kigumu kidogo. Kile cha Happ kina safari ndefu na mlio mkubwa wa swichi. Siku hizi viko pia vitufe vya akedi vinavyotumia swichi za kibodi za Cherry MX, ambavyo unaweza kubadilisha swichi yenyewe ukapata uzito unaoutaka.

Vya kubana au vya kufunga kwa nati?

Inategemea unene wa uso wa boksi. Hapa nililipa ada. Boksi langu la kwanza lilichongwa Keko, Dar es Salaam, kwa mbao nzuri ya mninga ya unene wa milimita 18. Nilikuwa nimenunua vitufe vya kubana. Seremala alikichukua kimoja, akakizungusha mkononi, akaniuliza, "Kaka, hivi vimeno vitashika wapi?" Nikamwambia atoboe tu. Vimeno vile vimetengenezwa kushika bamba jembamba la milimita 2 hadi 4 hivi. Kwenye mninga viliishia katikati ya tundu, havikushika kitu, na kila nilipobonyeza kwa nguvu kitufe kilikuwa kinacheza.

Kwa bamba la chuma au akriliki jembamba, vya kubana ni vizuri na vinaingia kwa kidole. Kwa mbao, chukua vya nati, na hata hivyo pima urefu wa uzi. Mbao ikiwa nene sana, seremala aipunguze kwa ndani pale vitufe vitakapokaa. Mimi sasa natumia uso wa plaiwudi au MDF nyembamba juu ya fremu ya mbao ngumu, na naridhika.

Nivipange vipi?

Usichore kwa kubahatisha. Mipangilio miwili inayoigwa zaidi ni ya makabati ya Kijapani: Astro City ya Sega na Vewlix ya Taito. Yote ina safu mbili za vitufe zenye kufuata mkunjo wa vidole, kwa sababu vidole havilingani urefu. Chapisha mchoro kwa ukubwa halisi, ubandike kwenye katoni, toboa katoni, weka vitufe humo, ucheze hata saa moja. Katoni ni bure. Kati ya kitovu cha tundu na kitovu cha jirani yake acha milimita 36 hivi, kwani ukingo wa kitufe ni mpana kuliko tundu lake na vikibanana havikai.

Kwa kutoboa, tumia kichwa cha drili cha kukata tundu la duara, na uweke kipande cha mbao chakavu chini ya kazi ili upande wa pili usichanike. Toboa taratibu. Mwambie fundi hivyo bila kuona haya, kazi ni yako.

Na uzito: boksi liwe zito kiasi cha kutulia mapajani. Boksi jepesi linakimbia mkono.

Bodi gani ya ndani ninunue?

Vitufe na joistiki ni swichi tu, bodi ndiyo inayozungumza na kompyuta. Zile seti za bei rahisi huja na bodi inayoitwa Zero Delay. Kwa gemu za zamani na watoto wa nyumbani inatosha kabisa. Kwa gemu za kupigana, ambazo kwa kawaida zinakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 16.7, nataka bodi ninayoiamini zaidi.

Ninayoipendekeza kwa moyo wote ni Raspberry Pi Pico. Ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Unaipakia programu ya bure inayoitwa GP2040-CE. Kuipakia hakuhitaji ujuzi: shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka USB, bodi inaonekana kwenye kompyuta kama flashi, unaliburuta faili ndani, basi. Baadaye ukitaka kubadilisha mpangilio, unafungua ukurasa wa mipangilio ulio ndani ya bodi yenyewe kwa kivinjari, bila hata kuwa na intaneti.

Mwenye fedha na asiyetaka kushika pasi ya kulehemu achukue bodi za Brook. Zinafanya kazi na konsoli nyingi moja kwa moja.

Itakubali kwenye PlayStation?

Kompyuta inakubali karibu kila kitu. PlayStation 4 inadai uthibitisho: bodi isiyo nao inakatika baada ya dakika 8. Kwenye PlayStation 5, baadhi ya gemu za kupigana, Street Fighter 6 ikiwemo, zinakubali boksi la PS4, lakini usidhani kila gemu itafanya hivyo. Uliza kuhusu gemu yako kwa jina kabla ya kulipa.

Waya zinaungwaje? Mimi si fundi umeme.

Si lazima uwe fundi. Kila kitufe kina miguu miwili na haijalishi upi ni upi, isipokuwa kitufe chenye taa, ambacho taa yake ina chanya na hasi. Mguu mmoja wa kila kitufe unaungwa kwenye waya mmoja wa pamoja, waya wa ardhi, unaoruka kutoka kitufe hadi kitufe kama kamba ya kuanikia nguo. Mguu wa pili unakwenda kwenye pini yake ya bodi. JLF ina kiunganishi cha waya 5: mmoja wa ardhi na minne ya mielekeo. Kwenye Pico yenye GP2040-CE mielekeo hiyo kwa kawaida iko pini za GP2 hadi GP5.

Vibanio vya waya vya vitufe vya Kijapani ni vya milimita 2.8, vya Happ ni vya 4.8. Kikilegea usikikaze kwa gundi, kibane kidogo kwa plaizi. Kisha jaribu kila kitufe kabla ya kufunga boksi.

Mbona siku hizi wengine hawana joistiki kabisa, vitufe tu?

Ndiyo, kila mwelekeo unakuwa kitufe, na vidole vya mkono wa kushoto vinafanya kazi yote. Ni haraka na kifundo kinapumzika. Ni nafuu pia, maana hununui joistiki. Swali linalozuka ni: ukibonyeza kushoto na kulia pamoja, gemu ione nini? Sheria za mashindano ya Capcom ya Street Fighter 6 zinataka majibu yawe sifuri, yaani kama hujabonyeza upande wowote, na GP2040-CE inakuruhusu kupanga hivyo. Mimi mwenyewe sitaachana na tufe langu, ila kwa mtu mwenye maumivu ya kifundo ndicho ningemchagulia.

Niweke mafuta gani?

Grisi ya silikoni, kidogo sana, kwenye ile bawaba nyeupe. Usiweke mafuta ya cherehani wala grisi ya gari, kuna plastiki na mipira inayoharibika kwa mafuta ya petroli. Kwenye swichi usiweke kitu. Sisi wa pwani adui yetu ni hewa ya chumvi: miguu ya vitufe inapata ukungu wa kijani na kitufe kinaanza kujibu mara moja moja. Chomoa kibanio, sugua mguu kwa kifutio cha penseli, rudisha. Usiku funika boksi.

Nimebadilisha kila kitu. Vipuri vya zamani nivitupe?

Usitupe hata kimoja. Tia kila kipuri kwenye kimfuko chake, andika jina na tarehe, uweke ndani ya boksi lenyewe ukibane kwa gundi ya karatasi kwenye kifuniko cha chini. Nina springi ya awali ya JLF niliyoitoa miaka iliyopita. Mdogo wangu alipoanza kucheza, mkono wake haukuiweza ile ya paundi 2. Tulifungua boksi, springi ilikuwa pale pale, na kufika wakati wa chai alikuwa anacheza.